Namna ya Kuvitambua, Kuvichagua na Kuvitazama Vipindi vya Uhalisia vya Dunia Ukiwa Uganda

Mtazamaji aliye Uganda, mwenye king'amuzi cha kawaida au simu yenye bando, anaweza katika jioni moja kuwaona vijana wa Nigeria wakizozana ndani ya jumba lililojaa kamera, wapishi wa Australia wakifuta machozi mbele ya majaji, na matajiri wa Marekani wakimnyima mtaji mtu aliyekwisha kuweka nyumba yake rehani. Vyote huitwa vipindi vya uhalisia. Kwa kuwa jina ni moja, wengi hudhani mambo yake pia ni mamoja, hivyo huchagua cha kutazama kwa kufuata gumzo la mitandaoni, kisha hukiacha baada ya wiki mbili wakilalamika kwamba kila kitu kimepangwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji wa Kampala, Busia, Mutukula au Arua ambaye Kiswahili ndicho kinachosikika sebuleni mwake, asiye na muda wala fedha za kutazama kila kinachorushwa, na anayetaka kujua kipindi ni cha namna gani kabla ya kukipa jioni zake za msimu mzima.

Anza kwa kumtafuta mwenye kutoa

Kabla ya kuuliza kipindi kinahusu nini, uliza mshiriki hutolewa na nani. Mandhari ni jambo jepesi: kisiwa kinaweza kubadilishwa kikawa jumba, na jumba likawa jiko. Mwenye mamlaka ya kumtoa mshiriki ndiye anayeamua watu watatendeanaje mbele ya kamera, kwa sababu kila anayetaka kubaki hujipendekeza kwake, humwogopa au humdanganya. Ukilijua jibu la swali hili katika dakika 30 za mwanzo, utakuwa umeshajua nusu ya kipindi.

Chukua Survivor. Wazo lake ni la Mwingereza Charlie Parsons, lakini lilionyeshwa kwanza Sweden mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson, kisha likafika Marekani mwaka 2000. Washiriki huachwa mahali pa mbali, hugawanywa katika makundi, na kundi lililoshindwa katika jaribio hupiga kura ya kumtoa mmoja wake. Ukali wa mchezo uko mwishoni, ambapo baadhi ya waliokwisha kutolewa huunda baraza linaloamua nani kati ya waliobaki apewe dola milioni moja. Mchezaji basi analazimika kuwafitini wenzake wiki baada ya wiki, na bado awaombe kura hao hao aliowafitini. Richard Hatch, mshindi wa kwanza wa Marekani, alifaulu kwa sababu alijenga mapema kundi la siri la kupiga kura kwa pamoja, wakati wengi wa wenzake walikuwa bado wanaamini kwamba atakayefanya kazi kwa bidii ndiye atakayebaki. Anayekitazama kipindi hiki akitafuta mtu mwema wa kumshangilia atachoka upesi. Chukua karatasi, andika majina, na kabla ya kila baraza jaribu kukisia nani atampigia nani kura. Hapo ndipo utamu ulipo.

Big Brother, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1999 na John de Mol, inaonekana kuwa ndugu wa karibu wa Survivor, lakini katika nchi nyingi mamlaka yake yamegawanywa: wakaazi wa jumba hupendekeza wa kutoka, na watazamaji huamua. Mshiriki hujikuta akiwatumikia mabwana wawili, na mara nyingi mtu anayechukiwa na wenzake jumbani ndiye kipenzi cha walio nje. Marekani iliuacha utaratibu huo katika msimu wake wa pili, mwaka 2001, ikawapa washiriki wenyewe kura ya kutoana. Jina likabaki lile lile, ila mchezo ukawa mwingine kabisa. Kwa hiyo, mtu aliyezoea Big Brother Naija akikutana na toleo la Marekani asishangae kuona washiriki hawajishughulishi sana kuwafurahisha watazamaji. Hawana haja nao. Ukiona jina unalolijua likiwa na nchi usiyoizoea, rudia swali la mwanzo.

Mahali ambapo majaji ndio wenye kutoa, kama katika MasterChef, ufundi hupata nafasi kubwa na fitina hupungua, kwa kuwa kumsema vibaya mwenzako hakukiokoi chakula chako kilichoungua. The Great British Bake Off, iliyoanza mwaka 2010, imekwenda mbali zaidi: mshindi hapewi fedha, hupewa kibao cha kioo cha kuwekea keki pamoja na maua. Matokeo yake ni kwamba washiriki huonekana wakisaidiana kubeba sahani zao wakati saa inakwisha, jambo ambalo ni nadra kuliona panapogombewa mamilioni. Katika vipindi vya biashara, ambamo watu huomba mtaji kwa matajiri, mwenye kutoa ni mwenye fedha. Muundo huo ulizaliwa Japani mwaka 2001, ukaenea Uingereza kama Dragons' Den na Marekani, mwaka 2009, kama Shark Tank. Mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, anaweza kujifunza mengi humo kuhusu kuithamini biashara yake, mradi akumbuke kwamba makubaliano yanayofanyika mbele ya kamera huhakikiwa upya baadaye, na mengine huvunjika bila sisi kuonyeshwa.

Kuna kundi la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalohitaji jicho kali kuliko yote: vipindi ambamo hakuna anayetolewa. Mwaka 1973 televisheni ya PBS ya Marekani ilionyesha An American Family, maisha ya familia moja ya California, pamoja na kuvunjika kwa ndoa ya wazazi. Katika ukoo huo wamo akina Kardashian, walioanza mwaka 2007, na pia Young, Famous & African ya Netflix, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na Zari Hassan wa kwetu Uganda na Diamond Platnumz wa Tanzania. Usidanganyike kwamba humo hakuna mchujo. Mwenye kutoa ni mtayarishaji, na kazi hiyo huifanya kimyakimya kati ya msimu mmoja na mwingine, akimwacha nje yule ambaye maisha yake hayakuleta kelele ya kutosha. Ndiyo maana chakula cha jioni cha watu matajiri na wenye adabu zao hakifiki mwisho bila mtu kusimama na kuondoka kwa hasira.

Ielewe kura kabla ya kuipiga

Katika jambo hili mtazamaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali, maana mifano iko hapa hapa. Big Brother Africa ilianza mwaka 2003 ikiwa na washiriki 12 kutoka nchi 12, waliokaa katika jumba huko Afrika Kusini kwa siku 106 wakigombea dola 100,000. Uganda iliwakilishwa na Gaetano Kagwa, Tanzania ikawakilishwa na Mwisho Mwampamba, na mshindi akawa Cherise Makubale wa Zambia. Katika misimu mingi ya kipindi hicho kura zilihesabiwa kwa nchi: watu wa nchi moja walipiga kura zao, na aliyeongoza huko alipata kura moja ya nchi hiyo. Utaratibu huo uliinyima Nigeria uwezo wa kuzizamisha nchi ndogo kwa wingi wa watu wake, na ulimlazimisha kila mshiriki kupendwa ugenini. Hivyo ndivyo Tanzania ilivyopata ushindi mara mbili, kwa Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, na ndivyo Dillish Mathews alivyoshinda mwaka 2013 akitoka Namibia, nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni tatu.

Tusker Project Fame, iliyofanyika Kenya kuanzia mwaka 2006, iliwaweka vijana katika chuo cha muziki chenye kamera, wakifundishwa kuimba huku watazamaji wa nchi kadhaa wakiwapigia kura. Misimu sita ilitoa washindi wawili wa Kenya (Valerie Kimani na Ruth Matete), wawili wa Uganda (Esther Nabaasa na Davis Ntare), mmoja wa Rwanda (Alpha Rwirangira) na mmoja wa Burundi (Hope Irakoze). Orodha hiyo inatosha kumjibu anayedai kwamba nchi yenye simu nyingi ndiyo hushinda siku zote. Kisha mwaka 2019 ikaja East Africa's Got Talent, Anne Kansiime akiwa mwongozaji na majaji wakitoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Uganda. Kiti cha Uganda alikikalia yule yule Gaetano aliyekuwa mshiriki miaka 16 kabla, na dola 50,000 za ushindi zikachukuliwa na Waganda wawili wa familia moja, Esther na Ezekiel.

Ukitaka kupiga kura mwenyewe, fanya mambo yafuatayo kwa mpangilio huu. Kwanza hakikisha kwamba unachokitazama kinarushwa moja kwa moja; chaneli nyingi hurudia misimu ya zamani pamoja na namba za kura zilizokwisha kufungwa, na ujumbe utakaotuma huko hautamsaidia mtu. Pili, soma bei ya ujumbe mmoja na uzidishe kwa idadi unayokusudia kutuma, kwa sababu ujumbe wa namba fupi hautozwi sawasawa na ujumbe wa kawaida. Tatu, angalia kama Uganda imetajwa katika nchi zinazoruhusiwa. Watoto wa Ghetto Kids walipofika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023, baada ya jaji Bruno Tonioli kuwabonyezea kitufe cha dhahabu hata kabla hawajamaliza kucheza, Waganda wengi waliwatakia ushindi, lakini kura ya kipindi hicho ni ya watu walioko Uingereza.

Wala usidhani kwamba kura huhesabiwa kwa uaminifu kila mahali. Mwaka 2008 Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, iliitoza televisheni ya ITV faini ya pauni 5,675,000 kwa makosa ya mashindano ya kupiga simu, ambamo watu walilipa bila sauti zao kuzingatiwa. Korea Kusini nako mtayarishaji wa Produce 101, kipindi cha kuunda vikundi vya muziki kwa kura za wananchi, alihukumiwa kifungo mwaka 2020 kwa kuyachezea matokeo. Piga kura kwa kiasi ambacho hutakijutia hata ukija kugundua kwamba haikuhesabiwa.

Usiishie London na Los Angeles

Mtu anayetazama vipindi vya Kiingereza peke yake ataondoka akiamini kwamba uhalisia wa televisheni ni matusi, mapenzi na fedha. Dunia ni pana kuliko hivyo, na kwa msomaji wa Kiswahili ningependekeza mlango wa kuingilia usiotarajiwa: Million's Poet ya Abu Dhabi. Tangu mwaka 2006 washairi wa mtindo wa Nabati, yaani ushairi wa lahaja za Kiarabu cha Ghuba, wamekuwa wakipanda jukwaani kusoma tungo zao mbele ya wahakiki, na alama za wahakiki hujumlishwa na kura za watazamaji. Mwaka 2010 Hissa Hilal, mwanamke wa Saudi Arabia aliyevaa niqabu, alishika nafasi ya tatu baada ya kusoma shairi lililowakemea wanaotoa fatwa za chuki. Sisi tuliolelewa na malumbano ya washairi magazetini na redioni hatuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo linaweza kuwakusanya watu mbele ya televisheni. La kushangaza ni kwamba hapa Afrika Mashariki bado hatujaona jukwaa la namna hiyo lenye kishindo kama kile.

Malaysia ilizindua Imam Muda mwaka 2010, mashindano ya maimamu vijana. Pamoja na kusoma Qurani na kujibu maswali ya dini, walipewa kazi ya kuosha maiti zisizo na ndugu na kuziandaa kwa mazishi. Rudi kwenye swali letu: watazamaji hawakupewa kura. Aliyeamua alikuwa mwanachuoni mmoja mwenye heshima, kwa hoja kwamba elimu ya dini haipimwi kwa umaarufu. Afghanistan ilikuwa na Afghan Star tangu mwaka 2005, ambamo wananchi waliwachagua waimbaji kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2019 Zahra Elham akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Ukitaka kuelewa kwa nini kipindi cha nyimbo kinaweza kuwa jambo la hatari kwa aliyesimama jukwaani, hicho kitakufundisha zaidi ya American Idol.

Wakorea wamefanya kinyume cha wengine kwa kuuficha uso. King of Mask Singer, iliyoanza mwaka 2015, huwavika waimbaji vinyago ili wasikilizwe kwa sauti tu, na muundo wake umenunuliwa na nchi nyingi. Wajapani, kwa upande wao, walikuwa na Terrace House tangu mwaka 2012: wanaume watatu na wanawake watatu huishi nyumba moja, huenda kazini kama kawaida, na huondoka wanapotaka wenyewe. Kwa wengine hilo litachosha. Mimi naliona kuwa mojawapo ya majibu mazuri kabisa ya swali la nani anayetoa. Denmark ilileta mwaka 2013 kipindi cha watu wanaokutana kwa mara ya kwanza siku ya harusi yao, wakiwa wamechaguliwa na wataalamu, na bibi zetu wangeweza kuuliza ni jipya lipi hapo. Norway ilionyesha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo mwaka 2009, na safari ya meli ya saa 134 mwaka 2011. Simwambii mtu azitazame zote.

Karibu na nyumbani, usipuuze Shamba Shape Up ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012, ambayo hulitembelea shamba la mkulima halisi na kulirekebisha: banda la kuku, malisho ya ng'ombe, magonjwa ya mahindi. Hakuna anayetolewa, na kinachobadilika huonekana kwa macho. Kwa muziki kwa Kiswahili, Bongo Star Search ya Tanzania, chini ya Rita Paulsen, ndiyo mama wa yote.

Mtafute mhariri

Kila kipindi hukatwa. Survivor ya Marekani kwa miaka mingi ilirekodiwa kwa siku 39, kisha siku hizo zikabanwa katika vipindi 15 hivi. Mazungumzo ya Shark Tank yanayoweza kuchukua karibu saa nzima hurushwa kwa dakika chache. Kukata si kosa, ila mtazamaji ajue kisu kimepita wapi. Sikiliza sauti ya mshiriki inapoendelea huku picha ikionyesha kitu kingine, kama mlango, bustani au sura ya mwenzake. Hapo ndipo maneno ya sehemu mbili tofauti huunganishwa yakawa sentensi moja ambayo mwenyewe hakuitamka. Angalia nguo na nywele katika mazungumzo ya faragha na kamera, kwa sababu vikibadilika katikati ya hadithi ina maana maneno hayo yalisemwa siku nyingine, pengine mshiriki akiwa ameshajua mwisho. Zima sauti kwa dakika mbili wakati wa ugomvi, uone kama sura za watu zina ukali ule ule uliokuwa unausikia kwenye muziki. Mimi hupenda pia kumhesabu asiyesemwa: mtu ambaye haonekani kabisa kwa vipindi vitatu, kisha ghafla anaelezwa habari za mama yake na utoto wake, mara nyingi anakaribia kutolewa.

Jaribio hili hushindwa katika vibanda vya video ambako VJ, yaani mfasiri wa filamu, anazungumza juu ya sauti ya asili. Ustadi wa VJ wa Uganda katika filamu haupingiki, lakini katika kipindi cha uhalisia maneno ya mshiriki ndiyo ushahidi wenyewe, kwa hiyo tafuta toleo lenye maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Gharama, watoto na mdomo wako mtandaoni

Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda limekuwa likitozwa ushuru wa asilimia 12, na saa moja ya Netflix hutumia hadi GB 1 kwa ubora wa kawaida na hadi GB 3 kwa ubora wa juu. Punguza ubora katika mipangilio ya programu, au pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Kama nyumbani kuna king'amuzi, chunguza ratiba ya mwezi mzima kabla ya kupandisha kifurushi kwa ajili ya kipindi kimoja ambacho huenda kimebakiza wiki mbili. Tangazo la usaili linalodai ada kwa mobile money lisilipwe kabla hujathibitisha na kituo chenyewe cha televisheni.

Kwa wenye watoto, vya upishi, vipaji na kilimo vinafaa kutazamwa pamoja. Majumba ya kamera yasubiri watoto walale, kwa sababu yanayofanyika bafuni na kitandani humo yalishawahi kulifanya hata Bunge la Malawi, mwaka 2003, kutaka matangazo yasitishwe.

Kuhusu maoni unayoandika mtandaoni, sema juu ya mchezo na umwache mtu. Hana Kimura, mwanamieleka aliyekuwa ndani ya Terrace House, alifariki Mei 2020 akiwa na umri wa miaka 22 baada ya kushambuliwa kwa maneno mengi ya chuki kutokana na tukio moja lililorushwa. Kipindi kilifungwa, na mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya kosa la kumtukana mtu. Aliyemtukana alikuwa anamjibu mhariri bila kujua.

Kwa anayeanza leo, ningeshauri mpangilio huu: tazama kwanza vipande vya East Africa's Got Talent, ambavyo vingi viko YouTube, uzoee kazi ya majaji na kura, kisha msimu mmoja wa upishi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha Survivor, ukiwa na karatasi yako ya majina. Vile vya maisha ya matajiri viweke mwisho, ukishazoea kumtafuta mwenye kutoa hata pale ambapo jina lake hupita haraka kwenye orodha ya mwisho wa kipindi.